Fikisi za PDG na njia ya Maman Nabintu

Baba yangu alikuwa anapika kasiksi kule kwetu Nyantende. Kasiksi ni pombe ya ndizi, na mutu yeyote mwenye alishaibeba mbali anajua tabia yake: ikipata joto ndani ya bidon, lile dumu la plastiki, inaanza kuvimba, inasukuma kizibo, inalia kidogo kidogo kama mutoto mwenye hajashiba. Kila siku ya posho, Jumamosi, tulikuwa tunaishusha Bukavu kwa baiskeli, ili watu wa mji wakunywe kesho yake, Yenga, baada ya misa. Baba anashika usukani, mimi ninakaa nyuma juu ya bidon mbili, magoti yangu yakimugusa mbavu. Nilikuwa kijana tayari, ndevu tatu ine kwenye kidevu, lakini kwenye mishuko nilikuwa ninafumba macho.

Breki haikuwako. Breki ilikuwa mguu wa baba. Alikuwa na kandambili iliyokatwa kwenye tairi la gari, na barabara ikianza kushuka anakandamiza soli yake juu ya gurudumu la mbele. Mpira ulikuwa unachomeka, unanuka, na baba alikuwa anaipenda ile harufu, anasema ni harufu ya kufika. Basi siku moja kamba ya kandambili ilikatika katikati ya mushuko mukali. Baba aliita neno moja tu, "Mugisho!", kama vile mimi ndiye breki ya akiba. Tulipita maman moja na beseni ya ndagala, tukapita padri mwenye alikuwa anafungua mwavuli, na pale barabara inakunja, sisi hatukukunja.

Tuliingia ndani ya haie ya nyumba ya mafrère, watawa wa kiume wa misioni. Haie ni lupango ya miti hai, ile yenye inapandwa karibu karibu na kukatwa mpaka ifanane na ukuta. Yao ilikuwa ya sipre, ndefu kupita mulango. Baba alitokea upande wa pili, ndani ya karoti. Mimi nilibaki katikati, nimeshikwa na matawi, miguu haigusi chini. Bidon zote mbili zilipasuka. Kwa siku nane ile haie ilinuka kama harusi.

Frère mwenye alikuwa anasimamia bustani, muzungu mwembamba mwenye kofia ya majani, alikuja mbio. Sisi hakutuangalia hata kidogo. Aliangalia tundu. Alivuta tawi moja karibu na pua yangu, mimi bado nimening'inia.

"Ona," aliniambia. "Majani iko inje tu. Ndani ni kavu, rangi ya kahawa. Sipre ukiivunja mpaka kwenye kahawa, haioti tena. Nani atafunga hii tundu?"

Baba, mwenye alikuwa anatoa udongo wa karoti ndani ya shati, alisema: "Frère, huyu mutoto wangu ni hodari sana."

"Basi abaki mpaka haie ifunge."

Na sipre haifunge. Nilibaki miaka kenda.

Hiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kazi. Ninaieleza mapema sababu vijana wananiuliza, "Muzee, ujardinier ulisomea wapi?" Masomo yangu yalisimama darasa la tatu. Ujardinier, kazi ya bustani, nilisomea ndani ya sipre, miguu hewani. Na kama maandishi yangu yanazunguka, munivumilie, hata njia ya kwenda kwetu inazunguka na watu wanafika.

Ile tundu tulipanda bugenvile. Si kwa uzuri. Frère alinionyesha kwamba sipre mupya, ukiiweka kati ya wazee wake, inakufa kwa kivuli, lakini bugenvile inapanda yenyewe mpaka inaona jua, na miiba yake inafukuza mbuzi. Inataka maji muda tu wa kushika mizizi, kisha unaiacha iteseke. Ukiimwagilia sana inatoa majani, ukiinyima inatoa maua. Watu walikuwa wanasimama barabarani wanasema, "Mafrère wana maua!" Ilikuwa kiraka.

Huyo Frère hakupanda kitu kabla ya kuzunguka nyumba nzima saa nane ya mchana, mwezi wa saba, wakati kiangazi kimeshika na vumbi iko mpaka kwenye meno. Anasimama, anaona kivuli kinaanguka wapi, anashika udongo. Kisha anauliza: nani anaishi ndani? Na: nani anapita inje? Swali la kwanza kila mutu analijua. La pili watu wanalisahau, na mimi mwenyewe, baada ya miaka yote hiyo, nililisahau, ndiyo maana ninaandika.

Nani anaishi ndani, ni kusema: kama iko watoto, laurier-rose haiingie. Ni muti muzuri, hauogopi jua, unatoa maua ya pinki hata wakati bomba imekauka, lakini ni sumu kuanzia jani mpaka mzizi. Frère alikuta siku moja wafanyakazi wamechonga vijiti vyake ili wachomee nyama. Alirukia ule moto na mabote yake, akakanyaga nyama yote. Tulimuchukia kwa wiki moja, mimi wa kwanza, sababu kipande changu kilikuwa karibu kuiva. Leo ninapita mjini, ninaona laurier-rose imepandwa kwenye uwanja wa watoto, kwenye mulango kabisa, mahali kitoto kinangojea mama yake na kutafuna kila kitu. Damu inanipanda. Ninasimama, ninawaambia. Wananijibu: "Muzee, tuliona picha kwenye telefoni." Telefoni iliwahi kunyonyesha mutoto?

Nani anapita inje, ni kusema: kama iko wamama wenye mizigo kwenye kichwa, haupande miiba upande wa njia. Kama iko mbuzi za jirani, lantana inazitia ugonjwa, hata kama inashika vizuri udongo wa mushuko. Na ule muti wa vidole vidole wenye maziwa meupe, wenye watu wanachomeka haraka haraka kwa kufunga lupango, maziwa yake yakirukia jicho, unaweza kumupoteza jirani jicho. Haie ina pande mbili, na upande mumoja mwenye nyumba hauone.

Frère alinifundisha pia kupanda kwa nguzo. Iko miti yenye haingojee mbegu: unakata tawi kubwa, hata la unene wa mguu, unachomeka, linaota. Fikisi njo mukubwa wao, ule muti wa maziwa wenye babu zetu walikuwa wanatwanga ngozi yake kutengeneza nguo. Lakini watu wanachomeka vibaya, inaoza. Yeye alikuwa anakata chini kwa mupanga mara tatu, pande tatu, mpaka inatoka ncha kama krayo, ile kalamu ya risasi ya shule. Anapakaa majivu. Anailaza kivulini siku mbili ili maziwa yakauke. Juu anapakaa matope na mavi ya ng'ombe ili jua isipasue. Mutu mwingine Bukavu hakuwa anakata krayo ya pande tatu, wote walikuwa wanapiga mupanga mara moja kwa upande, basi. Ni mimi na yeye. Alipoondoka kurudi kwao, sekateri yake, ule mukasi wa kukatia matawi, alinipa mimi, na krayo nikabaki nayo peke yangu.

Nilipotoka kwa mafrère nilifanya kazi Muhumba, mutaa wa wazungu, kwa Madame Directrice. Bwana yake alikuwa directeur wa majani ya chai, kwa hiyo yeye naye tulimwita Directrice, ingawa kitu yenye alikuwa anaongoza ni mimi na mupishi. Alikuwa mutu muzuri, mukaidi. Alitaka buis. Buis ni kamuti ka kwao Ulaya ka majani madogo, wanakachonga mipira na vikombe.

"Madame," nilimwambia, "mwezi wa nane hii itakuwa ufagio."

"Mugisho, unaona mbali sana."

"Sioni mbali, Madame. Ninaona mwezi wa nane."

Mwezi wa nane ilikuwa ufagio. Aliniita, akasimama mbele ya ile miti yenye ilikufa, akasema, "Haya, panda mambo yako." Nilipanda duranta kwenye upande wa jua, sababu inavumilia sekateri kuliko muti wowote, unaikata leo kesho kutwa imeota, na ibiskisi karibu na jiko, mahali maji ya kuoshea sahani yanamwagika, sababu ibiskisi ni mulevi wa maji. Nilikata haie yote pana chini na nyembamba juu. Hilo pia watu wa leo hawajui, wanakata pana juu kama uyoga, jua haifiki chini, miguu ya haie inabaki uchi, kisha wanasema udongo ni mubaya. Udongo wa Bukavu mubaya! Udongo wenye ukiangusha kijiti cha mwavuli kinaota!

Nilikaa pale mpaka wazungu wa chai walienda. Kisha vita ilikuja, na watu walikata haie za mji kwa kupikia. Sikuwakasirikia. Mutu mwenye njaa akikata sipre yako, hiyo si dharau. Dharau niliikuta baadaye, kwa watu wenye kushiba.

Sasa nifike kwa PDG. Alikuwa anajiita hivyo, PDG, ni kusema mukubwa wa kampuni, na hakuna mutu kwenye avenue nzima mwenye alijua ni PDG wa nini. Alinunua nyumba kwenye mushuko wa kuelekea ziwa, ya ghorofa, na vioo vya bluu. Mimi nilikuwa nimezeeka, magoti yanalia asubuhi, lakini alikuja kunitafuta mwenyewe, kwa jina.

"Banasema hakuna jardinier mwingine hapa mjini," alisema.

Nilipenda kusikia hivyo. Ninasema kweli yote: nilipenda sana. Muke wangu aliniambia ile mangaribi, "Mwanaume akisifiwa, hata masikio yake yananenepa." Nilimwambia anyamaze na alete ugali.

Chini ya nyumba ya PDG anaishi Maman Nabintu, mujane, nyumba yake ya mabao na mabati. Anapika beignets, maandazi ya kwetu, alfajiri, anazipandisha barabarani ndani ya beseni kwenye kichwa. Njia yake ilikuwa inapita kati ya parcelle yake, kiwanja chake, na ya PDG, njia nyembamba, ya mutu mumoja na beseni moja. Upande wa kushoto wa ile njia, upande wa PDG, kulikuwa safu ya drasena, muti wa majani marefu kama kisu. Kwetu Nyantende hatusemi drasena, tunasema tu muti wa mupaka. Unapandwa mbele ya watu wa pande zote mbili, na haung'olewe mpaka wale watu, ao watoto wao, wasimame tena pamoja pale pale. Mutu hahitaji kufika hata darasa la tatu kulijua hilo.

PDG alinionyesha kwa kidole. "Papa Mugisho, haya majani ya zamani yanaleta nyoka. Toa yote."

"PDG, huu ni muti wa mupaka."

"Ninajua. Tulishasikilizana na maman wa chini. Nitamujengea escalier ya beton, ngazi ya kweli, upande ule mwingine, apande kama malkia. Haie mupya itakaa pale," na kidole kikavuka njia, kikasimama upande wa pili, kwenye ukingo wa jiko ya Maman Nabintu.

"Maman mwenyewe alikubali?"

"Weye unafanya kazi ao unafanya politique?"

Ningeshuka hatua ishirini nimuulize Maman Nabintu. Hatua ishirini. Sikushuka. Sababu yenye ilinizuia ni neno yenye PDG aliongeza, na ninaiandika hapa ili mujue mupumbavu anakamatwa na nini:

"Sitaki vimuti vya watoto, Papa. Ninataka haie ya kukomaa. Mutu akipita aseme, hii iko hapa tangu baba yake na baba. Kuna mutu anaweza kazi hiyo?"

Kuna mutu! Nilivimba kama bidon ya kasiksi. Nilisema fikisi. Nilisema nguzo za unene wa paja, zenye ngozi ya kizee. Nilienda mwenyewe Idjwi, kule kisiwani, nilichagua muti kwa muti, nikarudi na nguzo makumi ine kwenye bwato ya motere. Maman moja mwenye alikuwa anarudi na mbuzi zake alikosa mahali pa kuweka miguu.

"Papa," aliniambia, "unahamisha pori? Na nyani watafuata lini?"

Watu wote wa bwato walicheka, na mimi nilicheka kuwapita.

Nilikata krayo makumi ine, pande tatu tatu. Majivu, siku mbili kivulini, matope juu. Niling'oa drasena zote, nikachimba mashimo mpaka juu ya goti, nikakanyaga udongo na kisigino mpaka nguzo isitikisike. Ilikuwa mwezi wa kenda, mvua inaanza. PDG aliniomba nifunike udongo mupya na majani ya zamani na uchafu wa miaka, "usionekane mupya." Nilifikiri anajali unyevu! Nilimusifia kwa muke wangu, nikasema huyu mutu anaelewa kufunika udongo. Baada ya wiki tatu macho mekundu yalitoka kwenye ngozi ya nguzo, kisha majani, na kufika mwezi wa tano ilikuwa haie ya kizee kabisa, nene, ya giza, kazi nzuri kuliko zote zenye nilifanya katika maisha yangu. Mungu anisamehe, bado ninaiona nzuri.

Escalier ya beton haikujengwa. Niliuliza mara moja, PDG akasema ciment iko njiani. Asubuhi moja nilikuwa ninakata upande wa chini, nikasikia mutu anapumua ndani ya mufereji wa maji ya mvua. Ni Maman Nabintu. Alikuwa anapanda kwa mikono na magoti, beseni ya beignets mbele yake, anaisukuma kidogo, anapanda kidogo, anaisukuma tena. Kitambaa cha kufunika beignets kilikuwa na matope.

Nilimwambia, "Maman, pole."

Alisimama pale chini, akajipangusa uso na kiwiko cha mukono. "Aksanti, Papa Mugisho. Aksanti kwa majani yako. Mbuzi wangu alikufa mwaka jana, sasa mimi njo niko mbuzi."

"Lakini si mulisikilizana na PDG? Escalier..."

"Mulisikilizana na nani?"

"Weye na yeye."

"Minakaa hapa tangu bwana yangu iko hai. Yule mutu hajaniambia hata yambo. Nilirudi sokoni siku moja, nikakuta pori kwenye njia yangu. Niliuliza nani alipanda. Banasema, Papa Mugisho. Nikasema hapana, Papa Mugisho ni mutu wa kanisa." Alichukua beseni. "Utaendelea kukata, ao unaniangalia?"

Aliendelea kupanda. Na pale penye alikuwa amesimama, niliona kitu. Katikati ya haie yangu na ukuta wa PDG, ndani ya majani, kulikuwa vichipukizi vya drasena. Nilikuwa nimeng'oa miti, vipande vya mizizi vikabaki, mvua ikavinyanyua. Kimoja, kingine, kingine, vyote kwenye musitari uleule wa zamani, kama watu wenye walifukuzwa kikaoni na wakarudi kukaa kila mutu kwenye kiti chake. Nilivifunika tena na majani, ili PDG asivione. Hicho ndicho kitu cha kwanza cha akili chenye nilifanya katika ile parcelle.

Maman Nabintu alimushitaki kwa chef d'avenue, mukubwa wa mutaa, na chef d'avenue alileta mupimaji wa udongo, kijana mwenye miwani na kamba ya metre. Asubuhi yenye walikuja, PDG aliniita mbele ya garaji. Hakupandisha sauti.

"Papa, watakuuliza. Utasema ulipoanza kazi, haie uliikuta. Basi. Ni neno moja."

"Ni mimi nilipanda."

"Nani alikuona? Angalia unene ule. Hata Mungu akishuka atasema ni ya zamani." Akanipiga bega kidogo, kama rafiki. "Umefanya kazi vizuri sana, Papa. Usiiharibu."

Ninaandika haya nimekaa kwetu Nyantende, mikono haina kazi, na hasira ile haijapoa. Mutu anaweza kuniibia jembe, nitanunua lingine. Huyu alichukua kitu chenye Frère aliniachia, akakigeuza uongo. Miaka yote nilifikiri kazi yangu ni ya majani na maji, kazi isiyo na dhambi. Hakuna kazi hivyo. Ukimupandia mutu haie, unamusemea kwa watu kwamba hapa ni kwake. Kwa hiyo ninyi vijana munaotaka hii kazi, mujifunze duranta, mujifunze bugenvile, mujue jua ya mwezi wa saba inapiga upande gani, lakini kabla ya kuchomeka jembe mushuke zile hatua ishirini. Muulize kule chini. Mimi ninaulizwa mpaka leo kwa nini niliacha mahali pazuri vile bila hata kuaga. Niliaga. Niliaga hivi.

Mupimaji alizunguka haie mara mbili. Aligonga nguzo moja na ngumi. "Chef, hii miti iko na miaka mingi. Haie ya hivi haioti kwa mwaka mumoja."

Maman Nabintu alisema, "Ilipandwa mwezi wa kenda! Avenue nzima iliona!"

"Maman, hapa shahidi ni muti, si avenue," alisema PDG, na madereva wake wawili wakacheka. "Muulizeni jardinier wangu. Ni muzee, haogopi mutu."

Wote waligeuka. Chef d'avenue, mutu mufupi mwenye kikohozi, aliniuliza: "Papa Mugisho, haie hii ni ya lini?"

Neno langu lilikuwa limeshanunuliwa kwa sifa, nani angelipokea? Nilichukua jembe, nikaanza kuchimba kwenye mguu wa nguzo ya katikati.

"Papa, unafanya nini?" PDG aliuliza. Kisha: "Papa!" Kisha kwa madereva: "Mumukamate!"

"Mumuache," chef d'avenue alisema, akakohoa.

Mizizi ilikuwa michanga, ya pembeni tu, inakatika kama mboga. Magoti yalinilia lakini sikusimama. Niliisukuma nguzo huku na huku mpaka ikalegea, nikaivuta, ikatoka yote, nikailaza mbele ya miguu ya mupimaji na kupangusa udongo kwa mukono.

"Muti wenye ulizaliwa hapa," nilisema, "una mzizi wa kati, unashuka chini. Huu uko na nini?"

Kijana aliinama, akapandisha miwani. Chini kabisa, ndani ya mizizi, ncha ilikuwa bado iko, pande tatu safi, na weusi wa majivu.

"Ni mupanga," alisema polepole. "Imechongwa. Kama krayo."

"Ni mimi nilichonga. Bukavu hakuna mwingine anachonga hivi. Ng'oa zote, utakuta makumi ine." Nilitoa majani kwenye udongo, nikaonyesha vichipukizi. "Na mupaka ni huu. Nilimung'oa bila kumuuliza mutu, yeye amerudi mwenyewe."

Chef d'avenue aliangalia ule musitari wa vichipukizi toka mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa mutu wa Mudaka, kijiji chenye desturi moja na yetu, alikuwa anajua muti wa mupaka ni nini. Alivua kofia. Kisha alisema, bila kumuangalia PDG, "Andika." Na mupimaji aliandika. Mimi jina ninaweza kuliandika, lakini mikono ilikuwa na maziwa ya fikisi, basi nikaweka kidole, kikaacha alama ya udongo kwenye karatasi yao nzuri.

Niling'oa nguzo zingine mbili, kushoto na kulia, mpaka tundu likatosha beseni. Maman Nabintu hakusema aksanti, na sikumudai. Alienda kuchukua beseni yake, akaiweka kwenye kichwa, akapita katikati yetu, polepole, wima, mukono mumoja tu kwenye ukingo wa beseni, akapanda barabarani.

PDG alikuwa amebaki anaangalia tundu. Nilimuona anaitafuta sauti yake ya garaji, ile ya rafiki.

"Na sasa, Papa," alisema, "nani atafunga hii tundu?"

Nilivua mabote ya mpira yenye alinipa kwa kazi, nikayapanga pembeni ya nguzo. Sekateri niliiweka mufukoni. Kisha nikapita ndani ya tundu, pieds nus, miguu mitupu, nyuma ya harufu ya beignets, nikafika barabarani, nikashika njia ya kwetu.